Mkono Usio wa Kulia

Hakutaka kukaa ubavuni mwangu.
Alikiburura kiti hadi ng'ambo ya jiko la kuni,
akaketi kunikabili kama mdai na mdaiwa,
gitaa langu mapajani, shingo yake ikielekea kusiko.

"Geuza," nikamwambia.
Akaligeuza.
Nilipoinuka kutia kuni
likawa limekwisha kurudi lilikokuwa.

Ana miaka tisa, Mirta. Mimi huniita Rogelio,
jina zima, kama karani anayesoma orodha.
Nina miezi mitano katika nyumba hii ya mabati mekundu
hapa Punta Arenas, ambako upepo ukichachamaa
manispaa hufunga kamba penye kona za barabara
ili watu wapate pa kushika.
Mama yake, Danica, ana zamu ya usiku hospitalini.
Hutuachia mkate, sufuria ya supu,
na ukimya wa watu wawili
wanaompenda mtu mmoja.

Kijiko hushika kwa kushoto.
Mkasi pia, nao humgomea.
Akiandika, wino humpaka ukingo wa kiganja;
ukitaka kujua leo wamefundishwa nini, usifungue daftari,
msome mkono.

Jumamosi nililivua gitaa nyuzi zote sita.
Sijawahi kuliona uchi namna ile.
Uzi mnene ukakataa kulala katika mfuo wa uzi mwembamba,
nikatoa tupa ya gereji, ile ya kukwaruzia matairi kabla ya kiraka,
nikachonga kijimfupa kipya cha penye shingo
kwa paja la ng'ombe nililopewa na muuza nyama.
Vumbi la mfupa lilinuka kama jino kwa daktari.
Mirta alinishikia tochi, akiwa mbali kadiri mkono wake ulivyofika.

"Na wewe sasa utapigaje?"

Hilo sikuwa nimeliwaza.

Gitaa ni moja. Kwa hiyo mimi nimepakata
ubao wa kukandia unga,
mistari sita ya penseli, na mingine ya kuikata.
Yeye yuko palepale, ng'ambo ya jiko.
Nikaweka kidole cha kati, naye akaweka.
Nikashusha cha pete, naye akashusha,
papo hapo, upande uleule machoni pake,
bila kupindua kitu kichwani.

Nikanyamaza.

Wote niliowahi kuwafundisha walikaa kando yangu,
wakipinda shingo kunichungulia vidole.
Huyu aliyekataa kukaa nami
ameketi mbele ya kioo,
na kioo chenyewe ni mimi: kina kipara
na mafuta ya gereji chini ya kucha.

Mkono wa kulia, ndiyo:
wa kulia supu, wa kulia kiapo.
Lakini gitaa likitaka kulia
haliulizi ni mkono gani.

Limelia vibaya, lakini. Nisidanganye.
Daraja la nyuzi lilikatwa mshazari kwa ajili ya mkono mwingine,
na uzi mnene, kadiri unavyoupanda shingoni,
unateleza nje ya sauti, kidogo tu, unywele.
Nilidhani hatasikia.

"Rogelio, huu unaongopa."
"Najua."
"Utautengeneza?"
"Nikipata gundi nzuri. Mwezi ujao, pengine."
Akaupiga tena, ameinamisha sikio,
kama anayemsikiliza mtu ambaye bado hajaamua kumwamini.

Nje kamba za barabarani zilivuma.
Ncha za vidole vyake zimekuwa nyekundu; anazipuliza,
anazibandika shavuni, anarudi.
"Bonyeza kwa ncha," nasema, "si kwa tumbo la kidole."
Anabonyeza. Nami nabonyeza ubao,
unga mkavu unanidondokea magotini.

Kati yetu ni mmoja tu aliyetoa sauti.

Kisha, bila kuinua macho,
anasogeza kiti. Si kando. Mbele kidogo,
magoti yetu karibu yagusane.
Anataka kuona vizuri kidole cha nne.